Maneno ya Vyama Yapimwapo kwa Hesabu

Chama cha siasa hujulikana kwa vitendo vyake. Lakini kabla ya vitendo hutangulia maneno, na maneno nayo yaweza kupimwa. Hilo lilidhihirishwa mwaka 2003 na wataalamu watatu, Michael Laver, Kenneth Benoit na John Garry, waliochambua ilani za vyama katika nchi mbili zilizo jirani, Uingereza na Ireland.

Njia yao si ngumu kueleweka. Kwanza huchukuliwa ilani za zamani ambazo wajuzi wa siasa wamekwisha kukadiria msimamo wake, kuanzia mrengo wa kushoto hadi wa kulia. Kompyuta huhesabu kila neno limetumika mara ngapi katika kila ilani. Neno lililozoeleka kushoto hupewa alama ya upande huo, na la kulia vivyo hivyo. Kisha huletwa ilani mpya, na wastani wa alama za maneno yake huonyesha chama kimesimama wapi.

Kwa Uingereza, ilani za mwaka 1992 zilitumiwa kuzipima zile za mwaka 1997. Ilionekana kwamba, katika mambo ya uchumi, chama cha Labour kilikuwa kimesogea kulia hata kukipita chama cha Liberal Democrats, ingawa kilibaki kushoto kwa Conservative. Jambo hilo halikuwa la ajabu. Mwaka 1995, chini ya uongozi wa Tony Blair, Labour ilikuwa imekwisha kuandika upya kifungu cha katiba yake kilichohusu umilikaji wa pamoja wa njia kuu za uchumi. Kompyuta haikuambiwa habari hiyo. Iliyaona mabadiliko katika maneno peke yake.

Hata hivyo, alama za kwanza zilitolewa na binadamu. Zikiwa na upendeleo, jibu nalo litapinda. Tena, kuhesabu neno si kujua kusudi la msemaji, maana ahadi tamu yaweza kuandikwa na mtu asiyekusudia kuitimiza.

Hapo pana funzo kwa askari. Mwenye kulinda uchaguzi husikia kelele za kila upande, na ni rahisi kukiita chama hiki rafiki na kile adui kwa uvumi wa kambini tu. Ikiwa wataalamu wenye mashine hupima kwa hadhari, sembuse uvumi! Kupima itikadi ni kazi ya wataalamu. Kuamua ni haki ya mpiga kura. Askari hulinda sanduku la kura, na sanduku hilo halina mrengo.