Wimbo Kabla ya Bendi: Kuzisikiliza Demo za Pete Townshend



Mwaka 1983 Pete Townshend, mpiga gitaa na mtunzi mkuu wa bendi ya Uingereza The Who, alitoa santuri mbili katika jalada moja, akaziita *Scoop*. Aliyenunua akitarajia kuisikia bendi hakuikuta. Karibu kila mahali ni Townshend mwenyewe: anapiga gitaa, anapiga besi, anabonyeza kinanda, anakaa nyuma ya dramu, kisha anaimba na kujiitikia. Rekodi hizo alizifanya mwenyewe kwa muda wa karibu miaka 20, nyingi nyumbani kwake, na baadhi zilikuwa demo za nyimbo ambazo baadaye dunia ilizijua kwa sauti ya mtu mwingine. Mwaka 1987 akaongeza *Another Scoop*, na mwaka 2001 *Scoop 3*.

Tumezoea kuiona demo kuwa wimbo ambao haujakamilika. Tunaisikiliza tukihesabu kinachokosekana: hapa dramu ni nyepesi, hapa sauti haijapanda. Nakataa usikilizaji huo. Demo hizi zilikuwa barua, na wenye kuandikiwa walikuwa watu watatu: Roger Daltrey mwimbaji, John Entwistle mpiga besi na Keith Moon mpiga dramu. Watatu hao hawakuwa watu wa kuamrishwa. Mtunzi alilazimika kuwashawishi, na hakuwashawishi kwa maelezo bali kwa kuwapigia wimbo mzima, wausikie unavyoweza kuwa. Anayesikiliza leo bila kuwakumbuka watatu hao anasikia nusu tu ya kilichosemwa.

Townshend alizaliwa London mwaka 1945. Baba yake, Cliff, alipiga saksafoni katika The Squadronaires, bendi iliyoanzia katika jeshi la anga la Uingereza, na mama yake, Betty, alikuwa mwimbaji. Nyumbani muziki ulikuwa kazi ya watu wazima, tena kazi ya heshima. Lakini vijana wa roki wa miaka ya 1960 walijifunza kwa sikio, si kwa karatasi ya noti. Alipokuwa chuo cha sanaa cha Ealing, Townshend alizisikia rekodi za Andy Newman, mpiga piano aliyekuwa akijirekodi mwenyewe, ala juu ya ala. Alielewa papo hapo kwamba mashine ya kurekodi inaweza kumfanyia mtunzi kazi ya kalamu. Deni hilo hakulisahau: mwaka 1969 aliiongoza studio bendi iliyobeba jina la Newman, Thunderclap Newman, na wimbo wao "Something in the Air" ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Aliyemtia moyo zaidi kujirekodi ni Kit Lambert, mmoja wa mameneja wawili wa The Who. Lambert alikuwa mtoto wa mtunzi Constant Lambert, na nadhani ndiyo maana hakuona ajabu kijana wa bendi kujifungia chumbani na mashine akasema anatunga.

Naomba tukae kidogo kwenye mashine zenyewe, kwa sababu sikio lisilojua zilivyofanya kazi hupitwa na mengi. Townshend alianza na mashine mbili za kanda. Anarekodi gitaa kwenye ya kwanza. Kisha anaifungulia, na huku gitaa lile likilia anapiga ala ya pili. Vyote viwili vinaingia kwenye mashine ya pili vikiwa vimeshachanganyika. Halafu anageuza, anaongeza ya tatu. Hakuna kurudi nyuma. Ukigundua besi imezidi, huwezi kuipunguza peke yake, labda uanze upya. Na kila kanda inaponakiliwa, mvumo wake unaongezeka na ukali wa sauti unapungua.

Basi kasoro hiyo inamfaa sana mtafiti. Ala iliyorekodiwa kwanza imenakiliwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo ndiyo iliyofifia zaidi. Iliyoingia mwisho, mara nyingi sauti ya kuimba, iko karibu kana kwamba mwimbaji amekuinamia. Katika demo za zamani, kabla hajapata mashine za njia nyingi, msikilizaji makini anaweza kukisia mtunzi alianzia wapi: kwenye mdundo, kwenye gitaa, au kwenye maneno. Mswada wa karatasi huonyesha kilichofutwa. Kanda hizi zinatuachia mpangilio wa kazi, kitu ambacho albamu iliyosafishwa studio imekifuta kwa makusudi.

Mfano ulio tajiri kuliko yote ni "Won't Get Fooled Again", ambao demo yake ilitolewa mwaka 2000 katika mkusanyiko wa *Lifehouse Chronicles*. *Lifehouse* ulikuwa mradi wa filamu na maonyesho ambao Townshend aliung'ang'ania mwaka 1970 na 1971, ukamshinda. Nyimbo zake nyingi zikaokolewa na kuingia katika albamu *Who's Next* ya Agosti 1971. Nyumbani kwake Twickenham alichukua kinanda cha Lowrey, akakipitisha kwenye sintesaiza ya VCS3 iliyotengenezwa na kampuni ya EMS. Alibonyeza sauti ndefu, zenye kutulia. Mashine ikazikatakata na kuzirudisha zikiwa mapigo yenye kwenda mbio. Hakuna vidole vinavyopiga hivyo.

Bendi ilipofika kurekodi toleo lililomo kwenye albamu, kinanda kile hakikupigwa upya. Kanda ya demo ilifunguliwa, na wanaume wanne wakapiga juu yake. Fikirini maana yake kwa Keith Moon. Mpiga dramu ndiye mwenye mwendo wa wimbo. Akiharakisha, wenzake humfuata. Moon kuliko wote hakuwa mtu wa kufuata. Hapa alilazimika kulitii pigo lililokwisha kurekodiwa chumbani kwa mtu, na jukwaani alivaa spika za masikioni ili asiachwe na kanda. Aliweza, na alivyoweza ni jambo la kustaajabisha: anajaza kila nafasi, anarusha matoazi, na bado kwa zaidi ya dakika 8 hatoki nje ya mstari. Ndiyo maana nasema rasimu ile haikutupwa wala kurekebishwa. Iliingia ndani ya kazi iliyokamilika ikakaa humo, na bendi nzima ikajipanga kuizunguka.

Katika nyimbo nyingine barua ilijibiwa kwa namna tofauti. Demo ya "Love, Reign o'er Me", iliyomo kwenye *Scoop*, ni dua ya mtu aliye faraghani. Daltrey aliipokea akaigeuza kilio cha mtu aliyesimama nje akilowa mvua, na hivyo ndivyo ulivyofunga albamu *Quadrophenia* mwaka 1973. Nazipenda zote mbili, lakini sikubali kusema ya pili ndiyo "yenyewe". Daltrey aliusoma wimbo kama mwigizaji hodari anavyousoma mchezo: akakuta humo hasira ambayo mwandishi aliiwekea kifuniko. Bila demo tusingejua kwamba kifuniko kilikuwepo.

Yupo pia aliyeitoa barua yenyewe bila majibu. Tarehe 3 Januari 1982, katika nyumba ya kupanga Colts Neck, New Jersey, mwanamuziki Mmarekani Bruce Springsteen alirekodi nyimbo kwenye mashine ndogo ya kaseti ya TEAC yenye njia nne, akikusudia kuipelekea bendi yake. Bendi ilijaribu. Mwishowe kaseti ile ile, aliyokuwa akitembea nayo mfukoni bila kasha, ikawa albamu *Nebraska*. Ni uamuzi wa kijasiri, ingawa kwa hoja yangu haufundishi sana kama wa Townshend, maana albamu ile yenyewe haikuwa na majibu ya wenzake ya kulinganisha.

Mtauliza hayo yanatuhusu nini. Bendi zetu za dansi, Mlimani Park kwa mfano, zilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam na nyimbo zilizokwisha kukomaa mazoezini na ukumbini. Mtunzi alileta maneno na sauti ya kuimbia, wenzake wakatafuta magitaa na tarumbeta. Kanda zinahifadhi mwisho wa mjadala ule. Mwanzo wake ulibaki vichwani mwa waliokuwepo, na wengi wao wametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo ninyi wanafunzi mnaoandika juu ya muziki huu, waliobaki waulizeni nani alibadilisha nini, na siku gani, kabla ya kuwauliza wimbo una maana gani.

Sasa nimwombe fundi mitambo atupigie "Bargain" mara mbili: kwanza demo ya *Scoop*, kisha ile ya *Who's Next*. Townshend, aliyekuwa mfuasi wa mwalimu wa kiroho wa India, Meher Baba, aliutunga ukiwa wimbo wa kumwelekea Mungu. Kwenye demo ni sauti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na dramu ni za mtu anayetunza mwendo tu, amemwachia Moon nafasi. Kwenye albamu Daltrey anaimba, lakini wimbo unapofika katikati na kutulia, mwimbaji anabadilika: ni Townshend mwenyewe anayeingia, kwa sauti nyembamba, kisha anampisha tena Daltrey. Mtu mmoja aliyekuwa akiomba peke yake amekuwa wawili, mmoja mwenye kuahidi kwa nguvu na mwingine mwenye kukiri unyonge wake. Isikilizeni sehemu hiyo ya katikati kwenye demo kwanza, mkijua kwamba siku ile ilipokuwa ikirekodiwa, hakuna aliyekuwa ameigawa bado.