Kabla Hujanunua Hedifoni

Msikilizaji wa Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere, leo ni hedifoni za bei nafuu, zile zinazoning'inizwa vibandani stendi na sokoni.

Zikifa, mara nyingi spika bado ni nzima; kilichokatika ni waya, tena palepale unapoingia kwenye pini. Anza kukagua hapo. Je, pana shingo ya mpira laini, inayopinda bila kuvunjika? Chomeka kwenye simu yako mwenyewe, weka sauti ya mtu anayezungumza, kisha tikisa waya taratibu karibu na pini na karibu na kila sikio. Ikikatika upande mmoja, rudisha. Muuzaji akikukatalia kujaribu, nenda kibanda kingine.

Baridi yetu ya Juni na Julai hukakamaza plastiki duni, na waya uliokakamaa ukiuzungushia simu hupasuka upesi.

Jambo lingine: kwenye simu nyingi waya huo ndio antena ya redio. Mkulima anayetusikiliza shambani asikimbilie zisizo na waya.

Ya shilingi 3,000 ukiinunua kila mwezi, kwa mwaka umetumia 36,000. Mimi ningeongeza fedha kidogo mara moja, nikadai na risiti. Jina kubwa kwenye boksi lisikutulize. Bidhaa bandia zipo, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayopambana nazo.

Masikio nayo tuyahurumie. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwenye basi la Tunduma, injini ikinguruma, usipandishe sauti kushindana nayo.