Mwanasheria aliyewasemea Mabinti

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikubali binti wa miaka 15 aozwe kwa idhini ya wazazi, bali mvulana sharti atimize miaka 18. Mwanasheria Rebeca Gyumi akauliza mbele ya Mahakama Kuu: je, Katiba haisemi watu wote ni sawa? Tarehe 8 Julai 2016 akashinda. Serikali ikakata rufani; tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa. Basi wazazi, mahari ikiletwa kabla ya wakati, irudisheni. Nanyi waalimu, mahali pa binti darasani pakiwa patupu, msingoje kesho. Nendeni kwao mkaulize.