Ugali Usiohesabiwa



Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye jopo la usaili wa utumishi wa umma. Akaingia kijana nadhifu, vyeti safi. Tulipomuuliza Pato la Taifa ni nini, alijibu bila kukwama: jumla ya thamani ya bidhaa na huduma za mwisho zilizozalishwa nchini katika kipindi fulani, kwa kawaida mwaka mmoja. Nikamuuliza tena: ugali anaousonga mama yako nyumbani, umo humo? Akanyamaza. Sikumlaumu. Sisi wahadhiri tuliomfundisha hatukuwahi kumuuliza.

Tuusogelee ugali huo. Mama lishe wa stendi anasonga saa tano asubuhi kwa ajili ya wateja wake. Ugali ule una bei, na kazi yake ni sehemu ya Pato la Taifa. Jioni anarudi nyumbani, sufuria ileile, mwiko uleule, unga wa mfuko uleule, anawasongea wanawe. Unga umehesabiwa, kuni zimehesabiwa. Nguvu ya mikono yake haimo. Mama ni yuleyule na jasho ni lilelile.

Wala hakuna aliyepitiwa. Jambo hili liliamuliwa. Katika miaka ya 1940 mchumi wa Kiingereza, Phyllis Deane, alipewa kazi ya kukadiria pato la makoloni, na utafiti wake ukamfikisha katika vijiji vya Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo. Aliona wanawake wakiokota kuni na kupika, akashikilia kwamba kuiacha kazi hiyo nje ya hesabu hakuna mantiki. Mfumo wa hesabu za taifa ambao Umoja wa Mataifa uliutoa mwaka 1953 haukumfuata. Baadaye maji ya kuteka na kuni za kuokota viliingizwa. Upishi na ulezi wa nyumbani viko nje mpaka leo. Kwa hiyo afisa mipango wa halmashauri anayepima mchango wa wanawake kwa Pato la Taifa peke yake ameshawapunja kabla hajaandika neno la kwanza.

Dhana za uchumi ni maamuzi ya watu: nini kihesabiwe, kwa bei ya mwaka gani, na nani. Mtumishi wa umma lazima ayajue maamuzi hayo, maana ndiyo yanayogawa bajeti.

Tazameni Kenya. Septemba 2014 wataalamu wao walibadilisha mwaka wa kizio, yaani ule ambao bei zake ndizo kipimo, kutoka 2001 kwenda 2009, na uchumi ukaonekana mkubwa zaidi kwa takriban robo nzima. Hapakuwa na hila. Shughuli nyingi zilikuwa zimekua bila kuonekana kwenye hesabu za zamani. Lakini siku ile hakuna aliyeamka na debe la ziada la mahindi. Kilichobadilika ni hadhi: Kenya ikaingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Uwiano wa deni kwa Pato la Taifa nao ukashuka bila senti moja kulipwa, kwa sababu kigawanyo kilikuwa kimeongezeka. Serikali inayotaka kukopa huipenda sana tarakimu ya namna hiyo. Hapo ndipo uchumi unapokutana na siasa.

Nasi Watanzania tuliingia kundi hilohilo tarehe 1 Julai 2020. Benki ya Dunia ilikadiria pato la wastani la Mtanzania kwa mwaka 2019 kuwa dola 1,080, na kizingiti kilikuwa dola 1,036. Dira ya Taifa ilikuwa imelipanga hilo kwa mwaka 2025, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Ila wastani hauoneshi nani amepata na nani amekosa, na ziada ya dola 44 juu ya kizingiti haijengi zahanati.

Kuhusu mfumuko wa bei nitasema moja tu, kwa sababu kosa lake nimelisikia hata kwa viongozi. Chukueni kilo ya mchele iliyopanda kutoka shilingi 2,000 hadi 2,200: hiyo ni asilimia 10. Mwaka unaofuata ikafika 2,266: hiyo ni asilimia 3. Mfumuko umeshuka, mchele umepanda. Mtumishi anayewaambia wananchi kwamba bei zimeshuka, wakati kilichoshuka ni kasi ya kupanda, anawapotosha, na wao wanajua, maana wametoka sokoni.

Tumewahi pia kuona hata kuhoji takwimu kukiwekewa uzio. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa la jinai kusambaza takwimu zenye kupotosha au kupinga zile rasmi. Mwaka 2019 masharti hayo yalilegezwa. Ulikuwa uamuzi sahihi kuyalegeza. Takwimu isiyoruhusiwa kuhojiwa haiwezi kusahihishwa, na mwenye kuumia ni yule aliyehesabiwa vibaya.

Vijana wangu mnaojiandaa kwa usaili wa utumishi wa umma, karirini tafsiri za dhana hizi, maana mtaulizwa. Mkishaajiriwa, nawaomba kitu kimoja. Kila mtakapopeleka tarakimu mezani kwa mkurugenzi, andikeni chini yake mistari mitatu: mwaka wa kizio, aliyehesabu, na ambao hawakuhesabiwa. Mstari wa tatu utawachukua muda mrefu kuuandika. Msiuache wazi.