MOTOKAA KUUKUU NA DHAMANA YA WENZAKO

(Hotuba iliyotolewa na mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama huko Mayoni)



Nimeombwa niseme juu ya motokaa kuukuu. Nadhani nimechaguliwa mimi kwa sababu wengi wenu mmekwisha kunisukuma. (Kicheko.) Basi leo nawalipa kwa maneno.

Wazee wetu walianza na Peugeot. Ile 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda mwaka 1975. Gari lililoweza matope ya Safari, watu walisema, litaweza na njia zetu. Peugeot ndefu za watu saba zilibeba abiria kati ya Nairobi na huku Magharibi, na 504 iliunganishwa papa hapa nchini, Mombasa. Fundi wa kijijini aliijua kama mfuko wa koti lake. Kisha katika miaka ya 1990 milango ikafunguliwa, zikaja kwa wingi motokaa zilizokwisha tumiwa Japani. Sheria yetu hairuhusu kuingiza iliyopita miaka 8 tangu iandikishwe mara ya kwanza. Lakini motokaa ikiisha kuingia, huzunguka mikononi mwa watu miaka 20 na zaidi, na sisi wa mshahara mdogo ndio mkono wa nne au wa tano.

Mimi nilinunua ya namna hiyo, saluni ndogo ya Kijapani, kwa shilingi 280,000. Fedha zote zilikuwa mkopo wa chama cha akiba. Wenzangu watatu wa kazini walinidhamini kwa akiba zao. Kila mwezi nilikatwa karibu shilingi 9,300 kwa muda wa miezi 36.

Mwalimu wetu wa misheni alitufundisha kuandika kila senti, nami niliandika. Mwaka wa kwanza: matairi 24,000, klachi 18,500, shokamzoba na bushi 21,000, radieta 9,500, bima 7,500. Jumla shilingi 80,500, na petroli sijaitaja. Nilikuwa nimefanya hesabu ya kununua. Hesabu ya kuishi nayo sikuifanya. Rahisi ni ghali, ndugu zangu.

Sisemi kwamba haikunifaa. Usiku wa mvua nilimpeleka mke wa jirani hospitalini, na mtoto alizaliwa salama. Mama yangu alifika kanisani bila kutembea kwa fimbo. Mtu asiwadharau wenye motokaa kuukuu. Wengi wetu hatuna njia nyingine.

Lakini sikilizeni kosa langu. Fundi aliniambia, “Bwana, bomba la mpira la breki ya mbele limeanza kupasuka. Toa shilingi 1,800 nilibadilishe.” Nikajibu, mwisho wa mwezi. Wiki ile ile nilinunua redio ya motokaa kwa shilingi 4,500.

Siku ya Ijumaa tulikuwa tukirudi kutoka Bungoma, watu wanne. Mbele yetu trekta la miwa likasimama. Nilikanyaga breki, kikanyagio kikashuka mpaka chini. Motokaa nyingi za siku hizi zina njia mbili za breki, moja ikivuja nyingine hubaki, nayo ilishika kidogo tu. Nikavuta breki ya mkono, nikatupa gia ya chini, tukaingia shambani. Tulipona, ila mwenzetu mmoja alivunjika mkono.

Kazi yangu ninyi mnaijua. Nakagua mabehewa. Garimoshi haliondoki kabla sijapita kando yake kutazama magurudumu, breki na viungo. Tena breki za garimoshi zimetengenezwa kwa hekima: bomba la hewa likikatika, zinashika zenyewe. Motokaa siyo hivyo. Bomba la mafuta ya breki likikatika, nguvu inakwenda zake. Nami niliyajua hayo yote. Behewa la shirika nililikagua kila siku, na motokaa iliyobeba rafiki zangu sikuikagua.

Yule aliyevunjika mkono alikuwa mmoja wa wadhamini wangu. Alikaa nyumbani wiki sita. Karo ya mtoto ikafika, akaenda chama cha akiba kuomba mkopo, akaambiwa akiba yake imefungwa na deni langu. Hakuja kunilaumu. Nilisikia kwa mtu mwingine. Siku hiyo niliona aibu kuliko siku ya ajali. Niliuza ng'ombe wawili, nikapunguza deni hata jina lake likaondolewa, naye akapata mkopo wake. Karo ililipwa ikiwa imechelewa.

Kwa hiyo, ndugu, natoa shauri hili.

Kwanza, ukienda kununua, nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Injini ikutwe baridi. Nambari ya chasisi ilingane na logibuku, nawe ubadilishe jina katika siku 14 kama sheria inavyotaka.

Pili, usikope thamani yote ya motokaa. Weka akiba ya matengenezo kabla ya kununua, na uiongeze kila mwezi.

Tatu, breki, matairi na usukani ni kwanza. Rangi na redio ni baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, usibebe abiria wa nauli kwa bima ya mtu binafsi. Kukitokea ajali, maskini mtabaki wawili: wewe na aliyeumia.

Tano, na hili naomba tawi letu lilifikirie: anayeombwa dhamana ya motokaa aioneshwe motokaa yenyewe pamoja na maandishi ya fundi. Mwenzako akikuuliza juu ya breki kabla ya kutia sahihi, usikasirike. Anauliza juu ya karo ya watoto wake.

Motokaa yangu ninayo hata leo. Kila asubuhi naizunguka kama behewa kabla ya kuiwasha. Ile redio niliiuza. Rafiki yangu, ambaye mkono wake umepona, yuko hapa mstari wa mbele, na leo alikuja nami ndani ya motokaa ile ile. Lakini kabla ya kupanda aliinama akatazama magurudumu. Nami nikamshukuru.