Kuvunjika na Kuachana: Kauli za Kitenzi katika Kemia ya Mchemko

Maji yanapochemka, ni kitu gani kinachotengana na kingine? Swali hili huonekana kuwa la mwanakemia peke yake, lakini jibu lake limo pia katika sarufi ya Kiswahili. Aghalabu mwanafunzi hujibu kwamba molekuli za maji huvunjika, zikawa hidrojeni na oksijeni. Lau ingekuwa hivyo, kila sufuria jikoni ingekuwa hatari ya mlipuko. Mvuke ni maji yale yale. Molekuli zake zimesalimika.

Kinachotokea ni kwamba molekuli zilizokuwa zikishikana huachana. Kauli ya kutendana ndiyo inayobeba dhana nzima ya nguvu zilizo baina ya molekuli: huvutana, hushikana, huachana. Kauli ya kutendeka, kama katika kuvunjika, inafaa tukio la ndani ya molekuli moja. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Kuvunja bondi ya oksijeni na hidrojeni ndani ya maji huhitaji takriban kilojuli 460 kwa moli. Kuziachanisha molekuli mbili zilizoshikana kwa hidrojeni huhitaji takriban 20 tu.

Hata hivyo, hizo 20 si haba. Salfidi ya hidrojeni, gesi yenye uvundo wa mayai viza, ina molekuli nzito karibu maradufu ya maji: 34 kwa 18. Kwa kufuata uzito, ingetarajiwa ichemke kwenye joto la juu zaidi. Badala yake huchemka kwenye nyuzi -60 za Selsiasi, ilhali maji husubiri mpaka 100. Oksijeni huvutia elektroni kwake kuliko salfa. Hidrojeni hubaki na chaji chanya kiasi, ikavutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Mfano wa kushangaza zaidi ni ethanoli na dimethili etha. Zote zina kaboni 2, hidrojeni 6 na oksijeni 1. Ethanoli, ambayo oksijeni yake imeunganika na hidrojeni, huchemka kwenye nyuzi 78. Etha, ambayo oksijeni yake imebanwa katikati ya kaboni mbili, huchemka kwenye takriban -24.

Istilahi “bondi ya hidrojeni” huficha yote haya, kwa kuwa neno bondi hutumika pia kwa kiungo cha ndani. “Mshikano wa hidrojeni” ingefaa zaidi. Kweli, istilahi iliyokwisha kuzoeleka haing’oki kwa urahisi, na kazi ya kusanifu istilahi za sayansi ni ya miaka mingi: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Lakini kikwazo kikubwa hakimo kamusini. Katika shule nyingi za umma za Tanzania, mwanafunzi husoma sayansi kwa Kiswahili katika elimu ya msingi, kisha huhamia Kiingereza sekondari. Hukutana na nguvu hizi baada ya kuhama, na huzisoma katika lugha isiyo na kiambishi cha kutendana.