Tuupunguze Moshi Jikoni
(Mazungumzo na wanakisomo wa Busale, Kyela)



Leo tuzungumze juu ya moshi wa jikoni. Huku Kyela mvua ni nyingi na kuni zinalowa. Mama anapuliza moto, machozi yanamtoka, mtoto anakohoa mgongoni. Nasi tunasema, "Ah, hata bibi zetu walipikia kuni." Ni kweli. Lakini na wao walikohoa.

Moshi una vumbi laini sana na hewa ya sumu. Vumbi hilo huingia mpaka ndani ya mapafu. Mtoto anaweza kupata kichomi. Mtu mzima anaweza kupata ugonjwa wa mapafu au wa moyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu 3,200,000 duniani.

Mwezi Mei 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wapikie nishati safi, kama gesi au umeme. Basi mwenye uwezo aanze sasa, hata kwa chai na uji tu.

Je, asiye na uwezo akae kwenye moshi mpaka 2034? Hapana. Tufanye haya:

1. Tukate kuni mapema, tuzipasue nyembamba, tuzikaushe, tuzipange chini ya paa. Hata matawi ya kakao tunayopogoa tuyakaushe kwanza.

2. Tuache mafiga. Tujenge jiko banifu, yaani jiko la udongo linalobana moto usitawanyike. Linakula kuni chache.

3. Jiko liwe na dirisha, na moshi upate pa kutokea juu.

4. Maharage tuyaloweke usiku, na sufuria tuifunike. Chakula kitaiva upesi.

Haya hayamalizi moshi. Yanaupunguza.

Akina baba, neno moja kwenu. Fedha za kakao na mpunga mara nyingi huamuliwa na nani? Na anayekaa kwenye moshi ni nani?

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakachimba vyoo. Na sisi wiki hii tuchague nyumba moja, tujenge jiko la kwanza pamoja. Lakini kabla ya kujenga, baba wa nyumba hiyo akae penye mafiga mpaka wali uive. Atajua mwenyewe.